Watazamaji Walipokataa Kwenda Nyumbani

Mlango uliletwa mtaani Kaloleni kwa bodaboda. Mwigizaji wetu mmoja, kijana mchomeleaji vyuma kutoka Kariobangi, aliutengeneza mwenyewe kwenye karakana yao, fremu ya chuma na bati jembamba, kisha akapanda nyuma ya pikipiki akiukumbatia kama anacheza dansi na bibi harusi mnene. Nilimwona akikata kona kuja kwenye ukumbi, watu wakimpisha, naye anapiga kelele, "Mwalimu! Sasa tuko na nyumba!"

Nilirukaruka. Mimi, mwalimu wa darasa la sita, mtu wa miaka thelathini na minne, niliruka mbele ya watoto waliokuwa wakicheza mpira uwanjani, na kesho yake shuleni nikaulizwa kama ni kweli.

Tulikuwa tumebakiza siku tisa. Tamthilia yenyewe ilikuwa ya kale, ya nchi za baridi, ya aina ile ambapo watu wanakaa sebuleni wakinywa chai na kila kikombe kinachoinuliwa kinafukua jambo. Msimamizi wa kiwanda cha mbao alisahau kuzima taa ya mafuta, kiwanda kikaungua, na lawama akatwikwa mlinzi, ambaye alifungwa akafia jela. Msimamizi aliishi akiheshimiwa na kuzikwa akiheshimiwa. Mkewe alijua yote na kunyamaza. Sasa mji unataka kuipa shule jina la marehemu, mwanawe amerudi nyumbani kwa sherehe, na siri inaanza kutoka.

Niliisoma kwa Kiingereza nilipokuwa chuoni na nikajiambia siku moja nitaisikia kwa Kiswahili. Kuitafsiri kulinichukua zaidi ya mwaka, jioni baada ya kusahihisha madaftari. Neno hatia ndilo lililonitesa. Kila nilipoandika "hatia ya kurithi", maneno yalilala kwenye karatasi kama yametoka mahakamani. Aliyenisaidia ni mama mmoja muuza mboga na dagaa wa omena katika soko la Kariobangi, mtu wa magharibi mwa nchi, mwenye watoto wanne na sauti ya kuita mteja aliye barabara ya pili. Nilimchagua acheze mjane kwa sababu siku moja nilimkuta akisimulia harusi ya jirani yake, na wateja saba walikuwa wamesahau kwamba walikuja kununua sukuma wiki.

"Mwalimu," aliniambia siku ya kwanza ya kusoma, "sema tu 'mzigo wa marehemu'. Hapa hakuna mtu ambaye hajaachiwa mzigo na marehemu."

Nikafuta, nikaandika mzigo. Kuanzia hapo kazi ilishika moto. Tulikutana ukumbini mara tatu kwa wiki, saa kumi na moja jioni, waigizaji watano na mimi na daftari langu. Mama mboga alijifunza maneno yake akiwa sokoni, akiwauliza wateja wamshikie karatasi. Mchomeleaji alikuwa na shida nyingine: alishindwa kabisa kumwelewa marehemu.

"Sasa huyu buda alinyamaza tu? Msee anafungwa kwa ajili yake, yeye anaendelea kula ugali?"

"Aliogopa," nikasema.

"Hii stori ni noma, Mwalimu. Mimi nitamkasirikia kweli, nakwambia."

Na kweli alimkasirikia. Siku aliyoupiga ule mlango wake kwa mara ya kwanza, mwisho wa kitendo cha tatu, vumbi lilianguka kutoka kwenye dari na sote tukashangilia kama timu imefunga bao.

Kilichobaki kilikuwa picha. Katika tamthilia, picha ya marehemu hutundikwa ukutani kuanzia mwanzo, na mwishoni mjane huishusha na kuilaza mezani kifudifudi. Tulihitaji picha ya mwanamume wa makamo, mwenye heshima, kwenye fremu. Nikakumbuka picha ya baba yangu iliyokuwa sebuleni kwa baba mkubwa: baba ndani ya koti la Jumapili, mikono magotini, anaitazama kamera kama anaiamini.

Baba mkubwa ndiye aliyenilea. Baba yangu, mdogo wake, alikuwa dereva wa lori katika Eneo la Viwanda, na alifariki kwa ugonjwa nilipokuwa darasa la sita. Mama alikuwa ametangulia. Baba mkubwa alikuwa karani wa geti katika kiwanda hichohicho hadi alipostaafu, na bado aliishi palepale Kaloleni, katika nyumba niliyokulia. Jioni alikaa mlangoni akichonga vijiko vya mti, ustadi aliotoka nao Ukambani. Huniita "mwaitu", mama yangu, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake.

"Picha ya mdogo wangu ya nini?" aliuliza.

Nikamweleza.

"Mnamfanya awe mtu wa namna gani?"

"Mtu mzuri," nikasema. "Mwanzoni."

Kisu chake kilisimama juu ya mti. Akaniomba daftari asome. Nilidhani ni kunifurahisha tu, lakini alikaa nalo siku mbili, na siku ya tatu akaja ukumbini mwenyewe, daftari kwapani na picha imefungwa kwa gazeti. Alinikabidhi vyote viwili. Kisha akavuta kiti hadi ukuta wa nyuma, akakaa. Alirudi kila siku ya mazoezi iliyobaki. Nilifurahi sana. Nilijiambia hatimaye ameona kwamba mchezo wa kuigiza ni kazi ya akili.

Tulicheza Jumamosi saa tisa alasiri, mchana kweupe, kwa sababu taa za jukwaa hatukuwa nazo na madirisha ya ukumbi yanaingiza mwanga mzuri saa hizo. Nilidhani watakuja watu thelathini. Viti vilijaa, benchi zikaletwa kutoka kanisani, na waliobaki wakasimama kando ya kuta. Kulikuwa na wachuuzi wenzake mama mboga na mafundi wa Kariobangi wakiwa bado na masizi, na wazazi wa wanafunzi wangu. Wazee wa mtaa walikaa mbele na bakora zao. Mimi nilisimama nyuma ya pazia na daftari langu.

Waliicheza kama hawajawahi kuicheza. Na watu wa mitaa yetu ya Eastlands, mnawajua, hawakai kimya wakitazama. Mjane aliposema kwa mara ya kwanza kwamba mumewe hakuwahi kudanganya, mama mmoja alisema, "Ng'o!" Ukumbi mzima ukacheka, na mama mboga, kwa akili zake, akangoja kicheko kiishe, akamimina chai. Kitendo cha pili vicheko vilipungua. Cha tatu, mwana alipomshika mama yake mabega na kumuuliza ni nani aliyeiacha ile taa ikiwaka, nilisikia mtoto akinyamazishwa kule nyuma.

Mjane akasema yote. Mwana akatoka, akaupiga mlango. Mama mboga akaishusha picha ya baba yangu, akailaza kifudifudi, akaketi peke yake mezani, macho mbele. Mwisho.

Hakuna aliyepiga makofi.

Nilihesabu moyoni hadi kumi. Nilifikiri tumeshindwa. Daftari halikuwa na ukurasa mwingine na mama mboga alikuwa amekaa pale kama nilivyomfundisha, bila kupepesa. Kisha bibi mmoja wa mstari wa pili akasimama akiegemea bega la mjukuu wake.

"Na watoto wa yule mlinzi?" aliuliza. "Nani amewaambia?"

Mama mboga aligeuza kichwa. Ningeweza kufunga pazia. Sikulifunga.

"Sijui wanakaa wapi," akajibu, bado ni mjane.

"Utajua! Moto wote huo ulijua nani aliuwasha, nyumba ya mtu ndiyo usijue?"

Ukumbi ulilipuka. Watu walicheka, wakapiga mapaja, na kabla kicheko hakijaisha mzee mmoja alikuwa amesimama akisema kwao jambo kama hilo haliishii kwa mlango kupigwa. Kwao watu huitana na kukaa. Upande uliokosa huja na kutamka kosa kwa mdomo, mbele ya waliokosewa, hata kama mkosaji alishaoza kaburini.

"Kijana arudi!" watu wakaita. "Arudi! Anakimbia kwenda wapi?"

Mlango wa bati ukafunguka na mchomeleaji akachungulia. Makofi! Alinitazama kule nyuma ya pazia, nami nikampungia mkono: nenda, nenda. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilikuwa nimetafsiri kila neno la tamthilia ile kwa mwaka mzima, nimegombana na nukta na mikato yake, na sasa ilikuwa ikiendelea bila mimi na bila mwandishi wake, na damu ilinienda mbio kwa furaha. Fundi seremala mmoja alijitolea kuwa mwana wa mlinzi, akapanda, akakataa chai ya mjane. "Kwanza useme," akasema. Kila jibu lilileta sauti mpya kutoka kwenye benchi. Tulikaa hivyo karibu nusu saa, na hakuna aliyeaga.

Kisha nilimwona baba mkubwa akija katikati ya viti.

Alipanda ngazi za jukwaa taratibu, akasimama kando ya meza, akaigeuza ile picha ikamtazama.

"Mimi ni ndugu wa marehemu," alisema.

Watu walishangilia. Walidhani naye amejitolea, na kwamba anaigiza vizuri. Hata mimi nilidhani hivyo kwa muda wa sentensi moja.

"Niliulizwa kama niliona," akaendelea. "Nikasema niliona. Nikasema utingo hakuwa mahali pake. Sikuona kitu. Nilikuwa ndani ya kibanda naandika."

Katika tamthilia hakuna shahidi wala utingo. Utingo ni yule anayeshuka kumwelekeza dereva akirudisha lori nyuma, na baba yangu alikuwa dereva. Nilishika pazia. Mama mboga naye alijua hakuna utingo. Alijua kila neno la daftari lile. Nilimwona akimtazama mzee usoni, akaelewa, na badala ya kunitafuta kwa macho, akasema kwa sauti ya chini ambayo ilifika hadi ukutani:

"Shemeji. Kwa nini hukusema ukweli?"

"Alikuwa mdogo wangu," baba mkubwa akajibu. "Na alikuwa na mtoto mchanga."

Yule bibi wa mstari wa pili akasema, bila ukali, "Na yule mwingine hakuwa na watoto?"

"Alikuwa nao."

"Basi nenda ukawaambie."

"Kesho," akasema. "Nitaenda kesho."

Hapo ndipo makofi yalipokuja, na yalikuja kama mvua juu ya mabati. Watu walisimama, wakapiga miluzi. Mchomeleaji alininyanyua juu nyuma ya pazia akipiga kelele, "Mwalimu, tumeua! Tumeua!" Nami nilikuwa nacheka na kulia, maana nilijua mtoto mchanga ni nani.

Watu walipotoka, tulikaa kwenye ngazi za ukumbi, baba mkubwa na mimi. Jua lilikuwa bado halijazama.

"Ilikuwa kweli?" nikauliza.

"Ilikuwa kweli, mwaitu."

Akaniambia. Baba alikuwa na haraka siku hiyo. Hakungoja utingo wake ashuke, akarudisha lori nyuma, mpakiaji mmoja akabanwa na ukuta, akapoteza mguu. Baba alisema utingo alimpa ishara vibaya. Wakubwa wakamuuliza karani wa geti alichokiona, na karani alikuwa kaka yake. Utingo akafukuzwa siku hiyohiyo kwa uzembe, na jina lake likasambaa hadi hakuna kiwanda kilichompa kazi kama ile tena. Baba alibaki na lori lake. Lori hilo ndilo lililoninunulia sare na vitabu, na ugali niliokula hadi darasa la sita.

Nilimkasirikia. Nilitaka kumuuliza kwa nini aliniacha niitundike picha ile ukutani, mbele ya mtaa mzima, nikijivunia. Lakini niliikumbuka mikono yake ikiigeuza picha, nikauliza swali jingine: "Unajua anakokaa?"

"Mtaa wa Tena," akasema. "Siku zote nimejua."

Jumapili baada ya ibada tulienda. Alivaa koti lake la kustaafu. Njiani, mimi niliyezoea kumwona kama ukuta niliona shingo yake ni nyembamba kuliko kola. Nyumba ilikuwa ghorofa ya pili. Mzee aliyefungua mlango alikuwa mrefu, amekonda, miwani imeshikwa kwa uzi. Alimtazama baba mkubwa.

"Karani," akasema.

"Ndiyo, ni mimi."

"Ingieni."

Tulipoketi, baba mkubwa hakungoja chai. Alisema alichokisema jukwaani, safari hii bila watu wa kumshangilia, na sauti yake ilikatika mara mbili. Alipomaliza, yule mzee alivua miwani, akaifuta, akairudisha. Kisha akaita jikoni. Alitoka binti yake, mwanamke wa rika langu, chujio la chai mkononi.

"Sema tena," mzee akamwambia baba mkubwa. "Sema huyu akisikia."

Baba mkubwa akasema tena.

Binti alibaki amesimama. "Mimi," alisema, "nilikuwa nikimwombea yule mtu wa mguu. Kila Jumapili tangu nikiwa mdogo. Baba hakuniomba nifanye hivyo. Niliambiwa na watoto wa shule kwamba baba yangu ndiye aliyemkata mguu, nikaona mimi ndiye wa kuomba msamaha kwa Mungu." Akamgeukia baba mkubwa. "Wewe ulikuwa wapi wakati wote huo?"

"Kaloleni."

"Kaloleni! Hapo tu? Bodaboda ya dakika ishirini?"

Baba mkubwa aliinamisha kichwa. Mimi nilitaka kusema kitu, nikaona sina haki ya kusema. Nilichoweza ni kusimama. Nikamwambia kwamba dereva alikuwa baba yangu, na kwamba ninasikitika. Alinitazama viatu hadi nywele. Nafikiri alikuwa akipima ni vingapi kati ya vitu nilivyovaa vilipaswa kuwa vyake.

"Leta chai," mzee akamwambia taratibu. "Mtu amezunguka miaka mingi kufika hapa. Mwache anywe."

Tulikunywa. Hakusema amesamehe. Tulipoaga alisema, "Nimesikia," akampa baba mkubwa mkono, na mkono huo aliushika kwa muda mrefu kidogo kuliko desturi. Tulipofika chini, baba mkubwa alisema ana njaa. Tulinunua mahindi ya kuchoma, akala mawili yote, akaniomba na langu.

Alhamisi simu yangu ililia wakati wa mapumziko ya saa nne. Alikuwa yule binti. Namba yangu ilikuwa kwenye tangazo letu, na mtu fulani wa mtaa wa Umoja alikuwa amelituma kila mahali.

"Huo mchezo mnaucheza tena lini?" aliuliza, bila salamu.

"Jumamosi ijayo. Watu wametulazimisha."

"Na hicho kikao cha mwisho, mtu yeyote anaweza kupanda?"

"Yeyote."

Akakata.

Jumamosi hiyo watu walijaa hadi nje, wengine wamesimama kwenye matofali kando ya madirisha. Alikuja na baba yake, wakakaa mstari wa nne. Baba mkubwa alikuwa kwenye kiti chake cha ukuta wa nyuma. Nilimuuliza kama atapanda, akasema hapana, yeye alishasema. Mama mboga aliishusha picha na kukaa mezani, na safari hii ukumbi haukungoja. Yule bibi wa mstari wa pili alikuwa bado hajainuka, yule binti akawa jukwaani tayari, mkoba begani.

"Mimi ni mtoto wa mlinzi," alisema. "Leo mimi ndiye nauliza, na wewe utajibu."

Mama mboga, mwanamke asiyewahi kukosa neno sokoni, aliinuka kwanza. Kisha akamvutia kiti.

Aliuliza mengi. Aliuliza mlinzi alipelekewa nini jela, na kama kuna aliyekwenda kuwasalimu wanawe. Aliuliza mjane alikuwa akisali vipi. Mengine yalikuwa ya tamthilia na mengine yalikuwa ya nyumba ile ya Tena, na waliojua walijua. Baba yake alitazama, mikono yake juu ya magoti, na binti aliposhuka alisogea kumpisha akae, akampa kitambaa.

Sikumwona yule mzee akimtazama baba mkubwa siku ile, na sijui kama wataketi tena meza moja. Ninachojua ni kwamba saa kumi na mbili watu walikuwa bado kwenye nyasi nje ya ukumbi, makundi makundi, wakibishana. Mmoja alidai mjane ana kosa kuliko mumewe. Mwingine aliapa kwamba mwana hakupaswa kurudi ndani. Mafundi wawili walikuwa karibu kushikana mashati kuhusu taa. Nilipita kati yao nikiwa na daftari langu kifuani, nikisimama hapa, nikisikiliza pale, nikisukumwa na mabega ya watu, na sikutaka yeyote kati yao anyamaze.